Masanduku ya Springfield

Asubuhi ya tarehe 11 Februari 1861, kwenye hoteli ya Chenery House mjini Springfield, Illinois, mwanamume mrefu ambaye kesho yake angetimiza miaka 52 alikuwa ameinamia masanduku ya familia yake, akiyafunga kamba. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe. Alipokaza fundo la mwisho alichukua kadi za hoteli, akaandika nyuma yake: A. Lincoln, White House, Washington, D.C. Nyumba yao walikuwa wameshaipangisha, samani nyingi wameziuza, na mbwa wao Fido wamemwacha kwa familia ya jirani. Abraham na mkewe Mary walikuwa wanahamia mji mkuu, kwa kuwa mume amechaguliwa kuwa rais.

Leo ukisikia rais wa Marekani anaapishwa, picha inayokujia ni ya watu wawili: mume ameinua mkono wa kulia, mke ameshika Biblia. Picha hiyo ni changa kuliko watu wanavyodhani. Ukiifuata historia ya viapo hivyo kwa njia ya mabehewa na mizigo badala ya hotuba, unakutana na jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Mara nyingi, kwa miaka mingi ya mwanzo, mume alifika peke yake.

Tangu siku ya kwanza ilikuwa hivyo. George Washington alipoondoka shambani kwake Mount Vernon tarehe 16 Aprili 1789 kwenda New York, uliokuwa makao makuu ya serikali wakati huo, mfuko wake ulikuwa mtupu. Mali yake ilikuwa ardhi na watumwa, si fedha taslimu, hivyo alikuwa amemwomba tajiri mmoja wa Alexandria mkopo wa pauni 500 za kulipia madeni, kisha akaongeza ombi la pauni 100 za gharama za safari. Njiani alipokewa kwa mizinga na matao ya maua. Martha, mkewe, hakuwepo. Aliapishwa tarehe 30 Aprili, naye Martha akafika mwishoni mwa Mei, akiwa na wajukuu wawili na watumwa kadhaa, miongoni mwao msichana Ona Judge, ambaye miaka saba baadaye alitoroka na hakurudi tena. Mwaka 1797 John Adams naye aliapishwa Philadelphia bila Abigail, aliyebaki Quincy akimuuguza mama mkwe wake mzee.

Hata kalenda yenyewe ilifuata ugumu wa njia. Uchaguzi ulifanyika kabla ya majira ya baridi, kiapo kikangoja hadi tarehe 4 Machi. Miezi hiyo yote ilihitajika ili kura zihesabiwe, habari zifike, na wajumbe na rais mteule wapite kwenye barabara za matope na mito iliyoganda.

Simulizi inayouma kuliko zote ni ya Rachel Jackson. Yeye na Andrew walioana mwaka 1791, wakiamini kwamba mume wake wa kwanza ameshampa talaka. Haikuwa hivyo. Walipojua ukweli walingoja talaka ikamilike, wakafunga ndoa upya mwaka 1794. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, katika kampeni ya mwaka 1828, magazeti ya wapinzani yaliifukua habari hiyo, yakamwita mwanamke huyo mzinzi mbele ya taifa zima. Jackson alishinda. Rachel akaanza kununua nguo za safari ya Washington, ila moyo wake haukuhimili. Alifariki tarehe 22 Desemba 1828, akazikwa siku mbili baadaye kwenye bustani yao ya Hermitage, nje ya Nashville. Inasimuliwa kwamba alizikwa na gauni jeupe alilonunua kwa ajili ya sherehe za kuapishwa.

Mjane huyo wa kiume alipanda meli ya mvuke mwezi uliofuata, akiwa amevaa nguo za msiba. Tarehe 4 Machi 1829 alikuta mji umefurika. Seneta Daniel Webster aliandika kwamba hajawahi kuona umati kama ule, na kwamba wengine walikuwa wametoka umbali wa maili 500 ili wamwone Jackson tu. Baada ya kiapo, watu waliingia White House na viatu vyao vya matope, wakapanda juu ya viti, vyombo vikavunjika, hata ikabidi mapipa ya vinywaji yatolewe nje ili watu nao watoke. Vitabu vingi vya historia hupenda kusimulia vurugu hiyo. Wachache hukumbusha kwamba mtu aliyekuwa akisukumwa na umati ule alikuwa na majuma kumi tu tangu amzike mkewe.

Reli ilipokuja, safari ilifupika, lakini kiti cha mke kilibaki kitupu. William Henry Harrison, rais mteule wa kwanza kuingia Washington kwa treni, alifika tarehe 9 Februari 1841, siku aliyotimiza miaka 68. Anna, mkewe, alikuwa mgonjwa, akashauriwa angoje Ohio hadi baridi ipungue. Harrison alisoma hotuba ya karibu saa mbili kwenye baridi, bila kofia wala koti, na tarehe 4 Aprili akafariki. Habari za msiba zilimkuta Anna angali anajiandaa kuondoka.

Miaka kumi na miwili baadaye reli yenyewe ikaua. Tarehe 6 Januari 1853, karibu na Andover, Massachusetts, behewa walimopanda Franklin Pierce, mkewe Jane na mtoto wao Bennie lilitoka relini na kuporomoka kwenye tuta. Bennie, mwenye miaka 11, alikufa mbele ya macho yao. Alikuwa mtoto wao pekee aliyesalia, kwani wawili walishatangulia. Miezi miwili baadaye Pierce alikula kiapo bila Jane kuwepo. Aliyekuwepo ni Abigail Fillmore, mke wa rais anayeondoka. Alisimama kwenye baridi hadi mwisho wa sherehe, akapata homa ya mapafu, na kabla mwezi haujaisha naye akafariki.

Ndiyo maana safari ya akina Lincoln inastahili kutazamwa kwa karibu. Hawa walitaka kusafiri pamoja, nchi ikawatenganisha mara mbili.

Siku ile ya tarehe 11 Lincoln aliondoka na mwanawe mkubwa tu, Robert. Jioni walifika Indianapolis, na pale hotelini Robert akafanya kosa ambalo kijana yeyote wa miaka 17 angeweza kulifanya. Alikuwa amepewa mfuko wa safari bila kuambiwa una nini, naye akamwachia karani wa mapokezi, akaenda zake na wenzake. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na hotuba ya kuapishwa. Lincoln alishuka, akaenda nyuma ya kaunta ambako mifuko ilikuwa imerundikwa, akaanza kuipekua mmoja mmoja hadi akaupata wake. Tangu hapo hakumpa mtu mwingine aubebe.

Asubuhi yake Mary alifika na watoto wadogo, Willie wa miaka 10 na Tad wa miaka 7. Kwa siku kumi familia ilizunguka kwa treni kupitia Cincinnati, Cleveland, Buffalo, Albany, New York na Philadelphia. Watu walijaa vituoni wakitaka kumwona rais mteule, na waliomwona walitaka kumwona na mkewe. Lincoln alikuwa na urefu wa karibu sentimita 193, Mary hakumfikia begani. Kwenye baadhi ya vituo alimleta nyuma ya behewa, wakasimama bega kwa kiwiko, akawaambia watu kuwa sasa wamewaona mrefu na mfupi wote wawili. Umati ukacheka. Ninaona kicheko hicho kilikuwa na thamani, kwa sababu wakati huo majimbo saba yalikuwa yameshajitenga na Marekani. Tarehe 18 Februari, safari ikiwa katikati, Jefferson Davis aliapishwa kuwa rais wa majimbo hayo huko Montgomery, Alabama. Varina, mkewe, naye hakuwepo, alifika baadaye.

Hatari ilikuwa Baltimore, mji wa Maryland. Maryland lilikuwa jimbo la utumwa, na treni za kutoka kaskazini ziliishia upande mmoja wa mji huo, kisha mabehewa yakavutwa na farasi barabarani hadi kituo cha upande wa pili. Mpelelezi Allan Pinkerton alikuwa amepata habari kwamba Lincoln atashambuliwa hapo. Jioni ya tarehe 22, mjini Harrisburg, Lincoln aliinuka mezani, akavaa kofia laini badala ya ile ndefu iliyojulikana na wote, akatoka kimyakimya kurudi Philadelphia. Nyaya za telegrafu zilikatwa ili habari zisitangulie. Huko Philadelphia, mpelelezi wa kike aitwaye Kate Warne alikuwa amekata tiketi za behewa la kulala kwa kisingizio cha ndugu yake mgonjwa. Lincoln akalala kwenye kitanda kilichokuwa kifupi mno kwa miguu yake. Walipita Baltimore usiku wa manane, wakaingia Washington kama saa kumi na mbili asubuhi.

Na Mary? Alibaki Harrisburg na watoto watatu, akijua mumewe yuko gizani, na nyaya hazisemi. Kesho yake alipanda treni ile ile iliyokuwa imetangazwa, akapita mchana kweupe kwenye mji ule ule, katikati ya umati uliokuja kumtazama mumewe. Magazeti yalimchora Lincoln kama mwoga aliyejificha, na vibonzo hivyo vinachapishwa hadi leo. Mwanamke aliyepita Baltimore waziwazi na watoto wake hutajwa kwa sentensi moja, na hilo si haki kwake. Alasiri waliungana tena Washington, kwenye hoteli ya Willard. Tarehe 4 Machi Lincoln aliapishwa, askari wakiwa wamepangwa juu ya mapaa.

Mke alipata nafasi yake polepole, na mara ya kwanza kwa kuichukua mwenyewe. Mwaka 1909 theluji nyingi iliangukia Washington usiku wa kuamkia kiapo cha William Howard Taft. Treni zilikwama na wasafiri wengi hawakufika. Theodore Roosevelt, aliyekuwa anaondoka, alikwenda moja kwa moja kituoni badala ya kurudi White House na mrithi wake. Kiti garini kando ya rais mpya kikawa wazi, Helen Taft akakikalia, ingawa hakuna mke aliyewahi kufanya hivyo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1933 yalirudisha siku ya kiapo hadi tarehe 20 Januari, kwa kuwa safari hazikuhitaji tena miezi minne. Mwaka 1965 Lady Bird Johnson akawa mke wa kwanza kumshikia mumewe Biblia, kazi iliyokuwa kwa kawaida ya karani wa Mahakama Kuu. Mwaka 1977 Jimmy na Rosalynn Carter walishuka garini wakaenda kwa miguu hadi White House, wameshikana mikono.

Tarehe 17 Januari 2009 Barack na Michelle Obama walipanda treni Philadelphia, wakafuata kipande cha mwisho cha njia ya Lincoln. Michelle alikuwa anatimiza miaka 45 siku hiyo. Walisimama Wilmington kuwachukua Joe na Jill Biden, halafu Baltimore, ambako maelfu ya watu waliwangoja kwenye baridi kali. Mume na mke walishuka pamoja, mchana. Siku tatu baadaye, Obama alipoapishwa, watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.8 walijaza uwanja wa Washington. Mama Sarah, mke wa babu yake Obama, alikuwa amesafiri kutoka Kogelo, Kenya, ambako wakati wa kiapo ilikuwa saa mbili usiku.

Biblia aliyoshika Michelle ni ndogo, ya jalada la mahameli nyekundu iliyokolea. Ilichapwa mwaka 1853, nayo ilinunuliwa na William Thomas Carroll, karani wa Mahakama Kuu, kwa ajili ya kiapo cha mwaka 1861, kwa sababu Biblia ya familia ya Lincoln ilikuwa bado imo kwenye mizigo iliyokuwa njiani kutoka Springfield. Baada ya kiapo Carroll aliandika ndani yake kumbukumbu ya siku hiyo na kuigonga mhuri wa mahakama. Mwaka 1928 mjane wa Robert, yule kijana aliyeuacha mfuko kwa karani Indianapolis, aliikabidhi kwa Maktaba ya Bunge. Tangu Lincoln hakuna rais aliyekuwa ameapa juu yake hadi Obama alipoweka mkono wake wa kushoto hapo, mkewe akiishika.