Kravati iliyokatazwa: abakosti na valizi ya misioni

Wandugu, kila mara mmoja wetu anapopata karatasi yake ya kwanza ya misioni, iwe ya Kinshasa, ya Kigali ao mbali zaidi, swali ni lile lile: nibebe nguo gani? Na majibu pia ni yale yale: kostime nyeusi, shati jeupe, kravati. Kuna wenye wanakopa pesa juu ya kuipata. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba hapa kwetu, kwa karibu miaka 18, ile kravati ndiyo ingekuletea matatizo kazini.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa Wabelgiji, kostime ilikuwa sawa mtihani. Mwaka 1948 serikali ya koloni ilileta kadi ya sifa ya kiraia, na 1952 ikaongeza ile ya kuandikishwa, kwa Wakongomani walioitwa évolués. Mwenye kuiomba alichunguzwa mpaka ndani ya nyumba yake: anaishi namna gani, anakula namna gani. Kuvaa Kizungu kulikuwa sehemu ya picha hiyo. Ndiyo maana wazazi wetu wa siasa walienda Meza ya Duara kule Bruxelles, Januari 1960, wakiwa wamevaa kostime safi kabisa. Hata Lumumba, ambaye alitolewa gerezani Jadotville, Likasi ya leo, na kupandishwa ndege. Sidhani alipata nafasi ya kupanga valizi! Alifika na bandeji kwenye mikono, akaingia mkutanoni akiwa amevaa sawa wengine.

Halafu ikaja authenticité. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaïre, mwaka uliofuata majina ya Kikristo yakaondolewa, na kostime na kravati vikakatazwa. Badala yake tukapata abakosti, jina linalotoka kwa maneno ya Kifaransa à bas le costume, yaani kostime ianguke. Wengi wanailinganisha na nguo ya Wachina, na ukiona picha za Mobutu na Mao za mwaka 1973 utaelewa sababu.

Sasa, kwa msafiri, abakosti ilikuwa na faida yake, tuseme ukweli. Koti moja, mikono mirefu ao mifupi. Kravati hakuna, shati la kola si lazima, wengi waliweka fulari tu shingoni. Kwenye kifua, insigne ya MPR. Asubuhi unaingia ofisini nayo, jioni unakaribishwa kwa wakubwa nayo. Valizi inabaki nyepesi. Taabu ilikuwa ni kwamba haukuchagua. Mtu wa serikali aliyetumwa Ulaya alikuwa amebeba chama juu ya mwili wake, apende asipende. Kila aliyemwona alijua ametoka wapi na anamtii nani.

Kwa wamama, ilikuwa kitenge. Suruali na wigi vilikatazwa. Na hapa njo mambo yanachekesha: kitenge kilichotafutwa sana, kile cha bei kali, kilikuwa wax ya Vlisco, inayotoka Helmond, Uholanzi! Abakosti za wakubwa nazo? Zile zilizosifiwa zaidi zilikuwa za Arzoni, zilizoshonwa Zellik, karibu na Bruxelles. Kwa hiyo mkubwa aliyeenda Ubelgiji kwa kazi aliweza kurudi na nguo mpya ya "Kizaïre" ndani ya valizi, imeshonwa na Wabelgiji. Mimi naona hapo njo siasa yenyewe ilipojifunua: ilibadilisha koti, haikubadilisha duka. Na wakati huo Kalemie ilikuwa na kiwanda cha vitambaa cha Filtisaf.

Vijana wa Kinshasa walijibu kwa njia yao. Sapeurs, wakiwa na Papa Wemba mbele, walivaa nguo za mafundi wakubwa wa Ulaya na Japani wakati nchi inasema kinyume. Wengine wanaona ni majivuno tu. Lakini kuvaa kile ambacho dola imekataza, mchana kweupe, si kitu kidogo.

Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, Mobutu alitangaza vyama vingi, akiwa na machozi. Katika hotuba hiyo hiyo aliruhusu kostime na kravati, na watu wakaweza tena kuitana bwana na bibi badala ya citoyen na citoyenne. Yeye mwenyewe akasema atabaki na abakosti yake. Kwa wapinzani, kufunga kravati kukawa namna ya kutoa maoni bila kufungua kinywa.

Abakosti haikufa siku ile. Antoine Gizenga, aliyekuwa makamu wa Lumumba mwaka 1960 na mtu asiyeweza kuitwa rafiki wa Mobutu, aliendelea kuivaa, na watu wa chama chake PALU vilevile. Alipokuwa Waziri Mkuu, kuanzia mwisho wa 2006 mpaka 2008, alikaa katikati ya mawaziri wenye kravati, yeye na koti lake limefungwa mpaka shingoni.