Kiti cha Manispaa ya Arua: Chaguzi Nne, Wabunge Wanne

Tunapofundisha msamiati wa uchaguzi, mara nyingi tunachukua mifano ya Nairobi au Dodoma. Safari hii tunachukua mfano wa nyumbani, yaani Manispaa ya Arua.

Uganda ilirudi kwenye mfumo wa vyama vingi baada ya kura ya maoni ya mwaka 2005. Mwaka 2006 wapiga kura wa mji wa Arua walimchagua Hussein Akbar Godi wa chama cha upinzani cha FDC. Mwaka 2011 kiti kilikwenda kwa Gabriel Ajedra Aridru wa chama tawala cha NRM, na mwaka 2016 kikachukuliwa na Ibrahim Abiriga, aliyejulikana kwa kuvaa njano, rangi ya NRM. Tarehe 8 Juni 2018 Abiriga alipigwa risasi akafa karibu na nyumbani kwake Matugga.

Uchaguzi mdogo ukapangwa tarehe 15 Agosti. NRM ilimsimamisha Nusura Tiperu. Kassiano Wadri, mbunge wa zamani wa Terego, aligombea kama mgombea binafsi akiungwa mkono na Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine. Tarehe 13 Agosti, siku ya mwisho ya kampeni, serikali ilisema kuwa gari la msafara wa Rais Museveni lilipigwa mawe. Jioni hiyo Yasin Kawuma, dereva wa Kyagulanyi, aliuawa kwa risasi mjini Arua. Kyagulanyi, Wadri na wenzao wengi walikamatwa, na watu 33 wakashtakiwa kwa uhaini.

Kura zilipigwa Wadri akiwa kizuizini. Alipata kura 6,421 dhidi ya 4,798 za Tiperu, tofauti ya kura 1,623.

Wako wanaosema kuwa ilikuwa kura ya huruma. Sisi tunaona kwamba huruma peke yake haitoshi kueleza matokeo hayo. Katika chaguzi nne mji huu ulichagua wabunge wanne tofauti. Ni wapiga kura wasiokubali kuhesabiwa kuwa mali ya chama chochote. Hata hivyo, hesabu ya kura haifuti damu iliyomwagika kabla yake.

Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na kiti cha manispaa kikaishia hapo. Basi tukifundisha maneno "kura", "mgombea" na "mshindi", tusiliache neno "usalama".