Gita la Uvungu na Gogo

Wapiga gita wa Kenya waliligawa gita mafungu mawili zamani sana, bila kungoja kamati yoyote ya istilahi. Kuna gita kavu na kuna gita la stima. Gita kavu halihitaji waya. Ndilo alilopiga George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka wa 1963, na ndilo alilopiga Jean-Bosco Mwenda wa Katanga siku mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mwaka wa 1952. Gita la stima ndilo ambalo Fundi Konde, mzaliwa wa pwani, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulishika, na ndilo lililobeba benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, na rumba ya Les Wanyika. Neno "kavu" nalipenda sana hapa. Kwa silabi mbili linamwambia msikilizaji kwamba sauti yote inatoka kwenye mti na tumbo lake, wala hakuna kilichoongezwa.

Lipo gita la tatu lisiloingia kwenye mafungu hayo. Tumbo lake ni jembamba, usoni lina matundu mawili yaliyochongwa mfano wa herufi f, na ubavuni lina tundu la waya. Lipige bila stima chumbani Kangemi nawe utalisikia vizuri, ingawa jirani hatasikia kitu. Lichomeke kwenye amplifaya nalo litaimba kama gita la stima, ila sauti itakuwa na pumzi ndani yake. Nairobi tumelimeza jina lake la Kiingereza jinsi lilivyo, tukasema "semiholo", yaani lenye uvungu nusu. Ndilo wanalolitafuta vijana wanaopiga jazi hotelini katikati ya jiji jioni ya Ijumaa, rumba Westlands usiku wa Jumamosi, na sifa kanisani Kawangware Jumapili asubuhi, kwa gita lilelile moja. Na hilo jina "semiholo" ndilo linalowaponza, kwa sababu linafunika magita ya aina tatu yasiyofanana kwa uzito, kwa tabia wala kwa namna ya kuyatengeneza.

Tuanze na lile lenye haki zaidi ya jina hilo. Mwaka wa 1958 kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, jimbo la Michigan, ilitoa gita la ES-335. Kabla yake, magita mengi ya stima yenye tumbo yalikuwa mapana ubavuni. ES-175 ya kampuni hiyohiyo, ya mwaka wa 1949, ina kina cha karibu milimita 86. ES-335 ilipunguza kina hicho hadi milimita 44 hivi. Jambo kubwa zaidi halionekani kwa nje. Ndani, kuanzia shingoni hadi kitakoni, kumepitishwa gogo la mti wa mepo. Daraja la nyuzi na vinasa vya sauti, vile vinavyodaka mtikisiko wa nyuzi, vimekaa juu ya gogo hilo. Mabawa mawili tu, la kushoto na la kulia, ndiyo yenye uvungu.

Wazo la gogo lilikuwa na historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, mpiga gita Les Paul aliingia kwenye karakana ya Epiphone mjini New York, akachukua kipande kinene cha msonobari, akakitia shingo, nyuzi na vinasa. Kisha akalipasua tumbo la gita la kawaida na kuyabandika mabawa yake pande mbili ili kitu chenyewe kifanane na gita. Alikiita kwa jina ambalo Kiswahili chake ni Gogo, basi. Mabawa yale yalikuwa pambo. ES-335 iliyapa kazi.

Gogo linafanya nini? Amplifaya inapopandishwa, sauti yake hulirudia gita na kuutikisa uso wake. Uso ukitikisika, nyuzi nazo hutikisika. Vinasa hudaka mtikisiko huo na kuurudisha kwenye amplifaya, ambayo huutoa kwa nguvu zaidi, na duara linaendelea mpaka spika iangue kilio. Wanamuziki wetu huita hali hiyo fidibeki. Tumbo tupu hutikisika kwa urahisi, ndiyo maana gita lenye tumbo tupu hulia mapema. Gogo huushikilia uso mahali penye hatari zaidi, chini ya daraja na vinasa, na kuyaachia mabawa yapumue. Hata hivyo haliondoi fidibeki kabisa. Mpiga bluzi B.B. King alilipenda gita la aina hii kwa miaka mingi, na Gibson ilipotoa mwaka wa 1980 gita lenye jina la Lucille kwa heshima yake, halikuwa na matundu ya f, ili lisilie jukwaani. Katika baa nyembamba za Westlands, ambako mpigaji husimama hatua moja tu mbele ya spika yake na ukuta uko mgongoni, sababu ya uamuzi ule inaeleweka mara moja.

Sasa jina. Njia rahisi ni kutafsiri kipande kwa kipande: "gita nusu uvungu". Kiswahili kinaijua sana "nusu" ya namna hii, na imetuzalia istilahi zenye afya. Nusukipenyo ni nusu kamili ya kipenyo, unaweza kuipima kwa rula. Nusu fainali haipimwi kwa rula, ni hatua iliyo kabla ya fainali. Nusukaputi ni usingizi wa chumba cha upasuaji, hali iliyo karibu na kifo isiyo kifo. Kwa hiyo "nusu" yetu ama hupima, ama husema kitu hakijafika. Gita hili haliingii katika matumizi hayo. Gogo lake halichukui nusu ya tumbo, na lenyewe si gita lililokusudiwa kuwa tupu likaishia njiani. Lilijengwa hivyo kwa makusudi, na kilichomo ndani ni muhimu kuliko kinachokosekana. Jina linalotaja upungufu peke yake humnyima msikilizaji jambo la kwanza analopaswa kulijua.

Nimeyapima maneno mengine. "Mvungu" humpeleka msomaji chini ya kitanda; "uvungu" hubaki kwenye hali ya kuwa wazi ndani, nao ndio ninaoutaka. "Kiini" kwa ajili ya kipande cha kati kina sauti tamu, lakini kiini humea pamoja na kitu chenyewe, na kipande hiki hutiwa na fundi. "Mhimili" ungefaa kwa maana, kwa kuwa ndio unaobeba mzigo wa nyuzi, ila siku hizi mhimili ukitajwa watu husikia Bunge na Mahakama. "Gogo" halina shida hizo. Fundi wa Gikomba analielewa, mtoto wa shule analielewa, na Les Paul alilitumia neno hilohilo kwa lugha yake.

Basi napendekeza majina yanayofuata ujenzi. Lisilo na nafasi ndani ni gita la gogo. Lenye tumbo tupu na vinasa ni gita la uvungu. Lenye tumbo lililopitishiwa gogo katikati ni gita la uvungu na gogo. Lipo la nne, ambalo maduka hulitia pia kwenye "semiholo": Telecaster Thinline ya Fender, iliyotoka mwaka wa 1968. Hilo halikujengwa kama sanduku. Ni gogo lililochimbwa vyumba ndani ili lipungue uzito, kisha likafunikwa. Neno lililonijia kwanza lilikuwa "mzinga", kwa kuwa mzinga wa nyuki ni gogo lililochimbwa vivyo hivyo, na ukweni kwangu Kitui hakuna asiyeujua. Lakini mzinga pia hurusha makombora, na katika baa za Nairobi mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali. Istilahi ya jukwaani isianze na mkanganyiko huo. "Gita la gogo lenye vyumba" ni refu, lakini halimdanganyi mtu.

Faida ya majina haya huonekana siku ya kununua. Epiphone Casino, iliyoanza mwaka wa 1961 na ambayo watatu kati ya Beatles waliipiga, inafanana mno kwa sura na ES-335. Ndani haina gogo. Ni gita la uvungu, na hutangazwa mara nyingi kama semiholo. Anayelipeleka kwenye kanisa la mabati lenye spika kubwa atapambana nalo ibada nzima. Epiphone Dot na Ibanez AS73 zinafanana nalo kwa umbo, lakini zina gogo. Tofauti unaweza kuithibitisha mwenyewe dukani: washa tochi ya simu, chungulia kwenye tundu moja la f. Ukiona ukuta wa mti, gogo lipo. Mwanga ukipenya hadi ukatokea kwenye tundu la pili, tumbo ni tupu. Kwa gita la mtumba ambalo kibandiko chake kimekwisha kubanduka, kipimo hiki kinashinda maneno yote ya muuzaji, jina lolote atakalolitumia.

Uzito nao uko ndani ya jina. Watu husikia "uvungu" wakadhani ni unyoya. Gita la uvungu na gogo la ukubwa kamili linaweza kufika kilo 3.5, au zaidi, kwa kuwa mepo ni mti mzito. Linaweza kulingana na gita la gogo la mti mwepesi. Upana wake nao, karibu sentimita 41, si mchezo ndani ya matatu ya 46 saa moja jioni, wala mgongoni mwako juu ya bodaboda upepo wa Waiyaki Way unapolikamata begi. Atakaye wepesi aulize gogo ni la mti gani, na kama limetobolewa kati. Au atafute umbo dogo: Gibson ilitoa ES-339 mwaka wa 2007, yenye ujenzi wa ES-335 katika mwili uliofinywa, na Epiphone ina lake la jina hilo. Mimi ningemshauri anayepiga shoo za muda wa saa nne akiwa amesimama aanze kulitafuta hilo.

Wepesi una gharama yake. Mwili ukipungua uzito na shingo ikabaki vilevile, gita huinamia kichwani, na mkono wa kushoto unageuka mbebaji badala ya mpigaji. Wengi hununua vikazio vipya vya nyuzi, vile vyenye kufuli, kama hatua ya kwanza ya kuliboresha gita. Kwa kawaida huwa vizito kuliko vya zamani, na vinakaa pale pale panapovuta chini. Kwenye gita jepesi, tumia kwanza mkanda mpana wa ngozi yenye upande wa kukwaruza begani, na mwombe fundi akichonge upya kizingiti, kile kipande cha mfupa kinachozipokea nyuzi zikitoka kwenye vikazio. Magita mengi yanayolaumiwa kwa kulegea sauti yana kizingiti kinachozibana nyuzi, na vikazio vyake vya kiwandani havina kosa.

Vinasa hufuata. Kinasa chenye koili moja hudaka nyuzi pamoja na mngurumo wa stima ya ukumbini. Stima yetu ni ya hezi 50, mngurumo wake husikika zaidi kwenye hezi 100, na hapo ni karibu sana na noti ya G iliyo kwenye uzi wa sita, ambayo ni hezi 98. Mpigaji wa Nairobi anayepiga kwenye ufunguo wa G ana mngurumo unaomfuata kama mwimbaji asiyealikwa. Kinasa pacha, kilichobuniwa na Seth Lover wa Gibson katikati ya miaka ya 1950, kina koili mbili zilizofungwa kinyume, zenye ncha za sumaku zinazopingana, hivyo mngurumo unajifuta na sauti ya nyuzi inabaki. Nasema "kinasa" na "kinasa pacha" bila kusita, kwa sababu pikapu Nairobi ni gari la kubebea viazi.

Lakini kabla ya kulipia vinasa vipya, zungumza na fundi kuhusu kazi yenyewe. Gita la gogo lenye vyumba lina kifuniko. Unafungua skrubu, unalehemu, unafunga. Gita la uvungu na gogo mara nyingi halina mlango mgongoni. Kila kidhibiti cha sauti, kila kapasita, hata tundu la waya, lazima vitolewe na kurudishwa kupitia tundu la f au tundu la kinasa. Fundi huvifunga kwa uzi kila kimoja, huvisukuma ndani gizani, kisha huvivuta taratibu hadi shina la kidhibiti litokee kwenye shimo lake. Uzi ukikatika, anaanza upya. Anayejua hupanga kwanza mfumo wote nje, juu ya kadi yenye mashimo yaliyopimwa sawa na ya gita, analehemu kila kiungo na kukijaribu, ndipo anaingiza. Waya, lehemu na kapasita utavipata Luthuli Avenue kwa pesa kidogo. Kinacholipiwa ni saa za fundi huyo. Ukimpigia simu kumwuliza bei, mwambie mapema kwamba gita lako ni la uvungu na gogo, na kwamba mgongoni halina mlango.