Neno refu la Kijerumani likatwe wapi?

Kijerumani hupenda kuunganisha maneno bila kuacha nafasi, na hapo ndipo msomaji hukwama. Chukua Staubecken. Ukilikata Stau-becken, ni bwawa la kuzuia maji. Ukilikata Staub-ecken, ni pembe zenye vumbi. Herufi ni zilezile, ila matamshi hayalingani: katika neno la pili, b ya Staub hutamkwa p kwa kuwa inafunga silabi.

Kwa hiyo, tafuta mashina kwanza, silabi baadaye. Schifffahrt, yaani usafiri wa majini, ni Schiff na Fahrt. Kabla ya marekebisho ya tahajia ya 1996 liliandikwa kwa f mbili. Ya tatu ilijitokeza pale tu neno lilipokatwa mwishoni mwa mstari. Siku hizi zote tatu huandikwa.

Mkazo nao una utaratibu wake. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hata neno lirefuke vipi: sheRIa, mwanasheRIa. Mjerumani kwa kawaida hukaza shina la kwanza: HANDschuh, glavu. Mashina yanayofuata hupata mkazo hafifu. Wakaidi hawakosekani: karne ni JahrHUNdert, mkazo ukiangukia katikati.

Basi wewe unayejifunza Kijerumani, usilivamie neno refu kwa pumzi moja. Tenganisha mashina, kaza la kwanza, kisha thibitisha kwenye kamusi, maana kamusi nzuri huonyesha mkazo na mahali pa kukata.