Si Riba Inayompeleka Mfanyabiashara Benki

Tukiulizwa mfanyabiashara mdogo anafungua akaunti ya akiba kwa sababu gani, wengi wetu tutajibu haraka kwamba anafuata riba. Historia ya sehemu zetu hizi inatoa jibu jingine.

Turudi Tanganyika ya Waingereza. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali, hakuweza kudai deni lake mahakamani. Wakubwa walidai kuwa wanawakinga wenyeji na madeni. Lakini je, mwenye duka Mwafrika angeifuata benki kwa lipi? Akiba isiyofungua mlango wa mkopo haina mvuto mkubwa. Kibubu kilimtosha.

Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Benki ikawa mali ya umma, lakini sehemu kubwa ya mikopo ilikwenda kwa mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Mchuuzi wa sokoni alibaki na kibubu chake. Hata sheria ya mwaka 1991 iliyoruhusu benki za watu binafsi haikumfikia mara moja.

Sasa tuvuke mpaka tuingie kwa jirani. Mwaka 2006, huko Bumala, magharibi mwa Kenya, watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walianza jaribio. Waliwalipia wachuuzi na waendesha baiskeli za abiria ada ya kufungua akaunti katika benki ya kijiji. Akaunti ile haikutoa riba hata senti moja, na kila anayetoa fedha alikatwa ada. Kwa hesabu ya karatasi, ni hasara tupu.

Wapo walioifungua wakaiacha. Hata hivyo, akina mama wengi wa sokoni waliitumia, na fedha walizotia katika biashara zao zikaongezeka sana. Kwa wanaume wa baiskeli hapakuonekana badiliko la maana.

Mama yule alinunua nini kwa ada ile? Kwa maoni yangu, alinunua kufuli. Fedha iliyo mkononi haina mwenyewe: leo shemeji anauguliwa, kesho mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mtaji wa nyanya umekwisha. Kusema "sina" ni uongo, na kusema "sikupi" ni ugomvi. Kusema "fedha ziko benki" ni jibu la heshima.

Basi wenye mabenki wasidhani kuwa mchuuzi asiye na akaunti hajui faida ya kuweka akiba. Anaweka kila siku, na anajua jinsi inavyoponyoka. Wampe kufuli analoweza kulimudu, lililo karibu na soko lake, na baadaye mkopo. Riba itazungumzwa mwisho.