Kutoka Sindano Hadi Kijiti

Msomaji, chama kilichokuja kuitwa UMATI kilianza Dar es Salaam mwaka 1959. Mwaka 1992 ikaja Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu. Lakini kule milimani Kasulu na Kibondo, mama alihesabu safari: sindano kila miezi 3, mvua inanyesha, njia tope tupu. Kidonge nacho kila siku, na bwana akikiona, balaa! Ndipo vikaja vijiti: Implanon cha miaka 3, Jadelle vya miaka 5, vimelala kimya chini ya ngozi ya mkono. Raha, eti? Ngoja kwanza. Sindano ukiichoka, hurudi tena, basi. Kijiti hakitoki bila mtaalamu. Kwa hiyo uhuru wa mama haupimwi siku ya kuwekewa tu, bali pia siku anaposema: nitoleeni.