Changachanga aliingia nyumbani kutafuta nini?

Wazee wa Lubumbashi wakianza kusimulia maisha ya kampi, mara nyingi wanasimulia kwa hamu: nyumba ya matofali, posho, hospitali, masomo ya batoto. Tena wanasema, kampi ilikuwa safi. Safi sababu ilikaguliwa. Huo ukaguzi njo nataka tuuangalie leo.

Union Minière ilizaliwa 1906, mji wa Elisabethville 1910, na mtambo wa kuyeyusha shaba ukaanza kazi 1911. Miaka ile ya kwanza ilikuwa mibaya. Wafanyakazi walilala wengi katika chumba kimoja, na walikufa kwa pneumonia, tifoide na kuhara, kisha mafua makubwa ya 1918 yakaongeza. Madaktari wawili waliofanya kazi Katanga, Pearson na Mouchet, wakatoa kitabu kizima London mwaka 1923 juu ya usafi wa kampi. Karibu 1928 kampani ikageuza siasa: mfanyakazi abaki, alete bibi, azae hapa hapa. Kutafuta watu wapya mbali kila mara kulikuwa kunakula feza mingi. Toka pale nyumba ikawa sehemu ya chombo cha kazi, na chombo cha kazi kinakaguliwa.

Shefu wa kampi, wafanyakazi walimwita Changachanga. Yeye na watu wake waliangalia kama uwanja umefagiwa, kama maji yanasimama, na kama kuna mgeni analala bila ruhusa. Kisha wakaja bamama wazungu wa huduma ya jamii, kuangalia mtoto na namna mama wa nyumba anapika. Tuseme kweli: vifo vilipungua, na hilo si jambo dogo. Lakini juu ya nani? Katika miaka ya 1920, utawala uliacha uwanja mtupu wa karibu mita 700 kati ya mji wa wazungu na mji wa weusi. Sababu iliyotolewa ilikuwa mbu: eti asiruke kutoka kwetu kwenda kwao. Nyumba ya mweusi ilikaguliwa kama kitu cha hatari kwa jirani. Hatari inayomngoja mwenye kulala ndani yake ilikuja nyuma.

Angalia chimine. Changachanga aliona takataka nyuma ya jiko, lakini moshi wa mtambo ulishuka juu ya paa na juu ya lengalenga za mama, na hakuna aliyeandika kosa hilo kwenye daftari. Miaka mingi nyuma, wachunguzi wamepima udongo wa upande ule upepo unapeleka moshi: wamekuta shaba, madini ya risasi na arseniki, hata katika bustani za watu.

Kampani ikawa Gécamines. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, miaka iliyofuata mishahara ikakatika, na ukaguzi nao ukaisha. Sifikiri kuna mtu alilia Changachanga. Ila pamoja naye aliondoka pia fundi wa kuziba paa na kufungua mifereji, na hakuna aliyemrizi.

Leo wengi wetu tunapanga chumba kimoja ndani ya parsele yenye nyumba sita, zote zinakula umeme kwa waya moja iliyofungwa na sashe. Mwezi wa sita baridi ikiingia, mbabula inaingizwa ndani na mlango unafungwa. Gesi ya makala haina harufu. Mtu analala, haamki. Watu wa kugonga mlango hawakosi: wa kodi, wa facture ya umeme, wa karatasi za parsele. Wanaingia, wanahesabu milango, wanaandika, wanatoka. Kwenye fishi zao hakuna msitari wa kuuliza kama dirisha linafunguka.